Albamu ya Freddie Mercury: Wasikilizaji Wamegawanyika

(Haya ni mazungumzo ya kila wiki yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale walioyakosa.)

Wiki mbili zilizopita tulifanya jambo ambalo si la kawaida katika kipindi hiki. Tulipiga albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na moja, bila kuruka hata mmoja, kisha nikawaomba mniambie mmeionaje. Albamu hiyo inaitwa Mr. Bad Guy, ilitoka mwaka 1985, na mwimbaji wake ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Nakiri kwamba sikutegemea majibu mengi. Mji wetu ni mji wa dansi. Nilidhani muziki wa roki utatupita kama lori la mizigo linavyopita mzunguko wa Msamvu usiku wa manane, kishindo kidogo kisha kila mtu anageuka na kuendelea kulala. Kumbe nilikosea. Simu zimepigwa, ujumbe umeandikwa, na wengine wamenisimamisha hapa stendi ili waniambie ana kwa ana. Katika majibu hayo umo ujumbe wa kijana mmoja ambao umenifanya niyapange upya mazungumzo ya leo. Nitaufikia, lakini kwanza tuelewane tunamzungumzia nani.

Freddie Mercury alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya wakati ule. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na hapo ndipo alipoanza kupiga kinanda katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya Queen. Alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991 kutokana na maradhi yaliyoletwa na UKIMWI. Mwaka 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, mtaa uleule wa Mji Mkongwe ambao familia yake inahusishwa nao.

Kabla sijasoma maoni yenu, kuna deni ninalotaka kulilipa. Wiki iliyopita nilisema hewani kwamba Freddie ndiye aliyekuwa wa kwanza ndani ya Queen kutoka na kazi ya peke yake, na kwamba jambo hilo liliivunja bendi. Msikilizaji wa Mazimbu ameniandikia kwa adabu lakini bila kuficha kwamba nimepotoka. Amesema kweli. Mpiga ngoma wao, Roger Taylor, alitoa albamu yake mwaka 1981. Mpiga gitaa Brian May naye alitoa kazi yake nje ya bendi mwaka 1983. Isitoshe, bendi haikuwa imevunjika. Albamu ya Freddie ilitoka mwishoni mwa Aprili 1985, na katikati ya Mei mwaka huohuo Queen walikuwa wote jukwaani huko Osaka, Japani, wakimaliza ziara yao. Mimi nilichukua habari yangu kutoka kwenye ile filamu ya mwaka 2018, na filamu ni filamu. Nawaomba radhi.

Sasa maoni. Sikuhesabu kura, kwa kuwa huu si uchaguzi, lakini mmegawanyika waziwazi.

Mwalimu mstaafu wa Kihonda ameandika hivi: "Mwanangu, huyo ni mtoto wa Unguja. Wazungu wamemsema vya kutosha. Wewe ukikaa redioni kumtafutia kasoro, unamsaidia nani?" Shikamoo mwalimu. Nimekusikia, na nitakujibu.

Dereva wa basi la njia ya Dodoma anasema aliisikiliza yote akiwa safarini. Kwa maelezo yake, nyimbo mbili tatu zilimfanya aongeze sauti, nyingine akaziacha zijiendee, na moja abiria walimwomba apunguze. Kijana wa Mwembesongo, ambaye anatengeneza midundo kwa kompyuta, anasema ngoma za albamu ile zinamkumbusha cherehani. Mama mmoja anayeuza nguo Mafiga anasema Kiingereza hakijui, lakini wimbo wa nane ulimfanya aache kupanga nguo akasimama. Huo ni There Must Be More to Life Than This. Aliuliza unasema nini. Mama yangu, ni wimbo wa taratibu wa mtu anayetazama chuki na vita vya dunia, akijiuliza kama maisha ndiyo hayo tu. Freddie aliwahi kuurekodi pamoja na Michael Jackson, ila sauti za wote wawili hazikutolewa rasmi hadi mwaka 2014. Katika albamu ya 1985 yuko peke yake.

Naye msikilizaji wa Kilakala alikasirika baada ya kunisikia nikisema kwamba Freddie aliitoa albamu hiyo kwa heshima ya paka wake, Jerry. "Mtu mzima unawaacha wazazi na marafiki, unamkumbuka paka?" Dada yangu, hapo sina utetezi. Alipenda paka.

Ukiyaweka maoni haya pamoja, wengi mnasema jambo moja kwa maneno tofauti. Sauti ni ileile kubwa ya Queen, lakini kazi imepanda na kushuka. Nyimbo chache zinasimama imara, na zilizobaki zinasukumwa na sauti ya mwimbaji zaidi kuliko na utunzi wenyewe. Hata wanunuzi wa wakati ule waliona hivyo. Huko Uingereza albamu ilifika nafasi ya sita, jambo ambalo si dogo. Wimbo wake wa kwanza kuuzwa peke yake, I Was Born to Love You, ulifika nafasi ya 11. Lakini nyimbo nyingine zilizofuata zilianguka, na Living on My Own ulikwama nafasi ya 50. Marekani albamu haikuingia hata katika mia moja za kwanza.

Swali la maana, basi, ni kwa nini. Mtu aliyetunga Bohemian Rhapsody mwaka 1975, mwenye sauti ile, mwenye fedha za kukaa studio atakavyo, anatoaje albamu ambayo msikilizaji wa Msamvu anairuka nusu yake?

Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Watu wengi wanadhani Queen ilikuwa Freddie na watu watatu wa kumsindikiza. Sivyo. Wote wanne walikuwa watunzi, na wote wanne walitunga nyimbo zilizotikisa dunia. We Will Rock You ni wa Brian May. Radio Ga Ga ni wa Roger Taylor. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za John Deacon, yule mpiga besi mkimya ambaye wengi hata jina lake hawalikumbuki. Bendi ya namna hiyo inapoingia studio, kila mmoja analeta nyimbo zake nzuri kuliko zote, tatu au nne, na zile dhaifu zinabaki nyumbani. Lakini Freddie katika albamu yake alitakiwa kujaza nafasi kumi na moja peke yake. Zile dhaifu zikapata nauli.

Sababu ya pili ni kukosa mtu wa kusema hapana. Kazi ile ilifanyika Munich, Ujerumani, katika studio za Musicland. Freddie mwenyewe alikuwa mtayarishaji, akisaidiana na Reinhold Mack, mtu ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Queen. Wanamuziki walikuwa hodari, lakini walikuwa wa kuajiriwa. Mpiga gitaa aliyekodiwa hawezi kumwambia mwenye kazi, "Bwana, ubeti huu haufai, kaandike upya." Brian May aliweza. Roger Taylor aliweza, na inajulikana kwamba walibishana sana studio. Ugomvi ule uliwachosha, lakini ndio uliokuwa chujio lao. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza kwamba si lazima mgema awe na nia mbaya. Hutia maji kwa sababu hakuna mnywaji anayemrudishia kibuyu.

Sababu ya tatu ni wakati. Miaka ile ya katikati ya themanini vinanda vya umeme na sauti za mashine vilikuwa vitu vipya, na kila studio ilitaka kuonyesha kwamba inavyo. Freddie naye alipenda muziki wa kucheza wa vilabu vya Munich. Kijana wangu wa Mwembesongo, mpiga ngoma wa kweli alikuwapo, anaitwa Curt Cress, lakini mtindo wa kurekodi wa siku zile ulizifanya hata ngoma za mkono zisikike kama zimetoka kiwandani. Mwaka 2019 albamu ilichanganywa upya ili sauti ya Freddie ipate nafasi zaidi. Ukiweza kuzilinganisha hizo mbili, utaona kwamba baadhi ya makosa tuliyomtupia mtunzi yalikuwa ya mitambo.

Sababu ya nne ndiyo wengi tunaisahau. Mtu hatoki nje ya bendi ili afanye yaleyale ya bendi. Katika albamu ile Freddie amejaribu disko, amejaribu okestra kubwa katika wimbo uliobeba jina la albamu, na katika My Love Is Dangerous ameonja rege. Mengine yamefaulu, mengine hayakufaulu. Asingeyajaribu, pengine asingethubutu miaka mitatu baadaye, mwaka 1988, kutoa albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé, kazi ambayo hakuna aliyeitegemea na ambayo watu wengi wanaiheshimu hadi leo. Shamba la majaribio halipimwi kwa magunia tu.

Tazameni pia yaliyozipata nyimbo zenyewe. Living on My Own, ule uliokwama nafasi ya 50 mwaka 1985, ulitengenezwa upya kwa mdundo mpya mwaka 1993 ukafika nafasi ya kwanza Uingereza. Made in Heaven na I Was Born to Love You zilichukuliwa na wenzake watatu, wakaiacha sauti yake kama ilivyo, wakapiga upya gitaa, besi na ngoma, na kuziweka katika albamu ya Queen ya mwaka 1995. Zikilala zilikuwa nyimbo za kawaida, zikiamshwa na wale watatu zikawa nyimbo za kuliliwa. Mwenyewe hakuwapo kusikia. Alikuwa amekwisha fariki miaka minne kabla.

Mwalimu wangu wa Kihonda, hapo ndipo jibu langu kwako lilipo. Kumsema si kumchukia. Mwaka 2006 palipotangazwa sherehe ya kumkumbuka huko Unguja, wapo waliopinga hadharani wakasema si wetu. Leo watalii wanapanga foleni kutazama picha zake, na sote tunasema ni wetu. Mimi naona kwamba mtoto wa nyumbani ni yule unayeweza kumwambia, "Hapa umepatia, hapa umekosea." Mgeni ndiye anayesifiwa kila kitu.

Sasa nirudi nyumbani Morogoro, kwa kuwa hadithi hii tunayo yetu.

Mimi sikumwona Mbaraka Mwinshehe. Alifariki kabla sijazaliwa, kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Lakini hakuna mtu aliyekulia mji huu asiyejua ubishi wa wazee wetu: Mbaraka wa Morogoro Jazz au Mbaraka wa Super Volcano? Ndani ya Morogoro Jazz, kuanzia katikati ya miaka ya sitini, alikuwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi. Bendi hiyo ilifika hadi Japani kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970, tena Osaka hukohuko ambako Queen walimalizia ziara yao miaka kumi na tano baadaye. Mwaka 1973 akatoka, akaanzisha Super Volcano.

Wako wazee wanaoapa kwamba nyimbo zake bora zilibaki Moro Jazz. Wako wengine wanaokuambia usizungumze nao mpaka umesikiliza Shida. Mimi sitaamua, nisije nikafukuzwa mjini. Ninachotaka mkione ni tofauti kati yake na Freddie. Mbaraka hakutoka kwenda kuajiri watu wa kumwitikia ndiyo. Alitoka bendi akaunda bendi, yenye waimbaji na wapigaji wa kukaa nao mazoezini siku kwa siku, na yenye watazamaji ukumbini ambao wimbo usipofaa wanarudi vitini. Chujio alilihamisha, hakulitupa. Na utaratibu wa kurekodi wa zama zile nao ulisaidia. Mtu hakutakiwa kujaza albamu ya nyimbo kumi na moja kwa mkupuo. Wimbo ulipigwa dansini kwanza, ukapelekwa Radio Tanzania au studio za Nairobi ukiwa umekwisha iva, ukatoka katika santuri ndogo yenye wimbo mmoja upande huu na mwingine upande ule. Udhaifu haukuwa na mahali pa kujificha.

Basi nifike kwenye ule ujumbe. Umeandikwa na kijana anayepiga gitaa katika bendi moja ya hapa mjini. Jina lake sitalitaja, wala la bendi. Anasema: "Shikamoo kaka. Nimesikiliza ile albamu mara mbili. Nina miaka minne kwenye bendi, nyimbo nyingi zinazopendwa nimetunga mimi, lakini malipo tunagawana sawa na anayepiga tumba. Mtu mmoja mwenye studio ameniambia niache, atanirekodi peke yangu. Mama anasema niondoke. Wenzangu bado hawajui. Nilitaka kujua, hivi Freddie alijuta?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi kuliko ulivyoisikiliza albamu. Kama alijuta moyoni, hilo alijua mwenyewe. Ninachoweza kukuambia ni alichokifanya. Tarehe 13 Julai 1985, chini ya miezi mitatu tu baada ya albamu yake kutoka, alipanda jukwaa la Wembley mjini London na wenzake walewale kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia, na dakika zile ishirini hivi zikawa za kusimuliwa mpaka leo. Aliweza kurudi kwa sababu alipotoka hakubamiza mlango. Wenzake walijua anakwenda wapi. Wewe wenzako hawajui. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi katika ujumbe wako kuliko suala la fedha.

Habari ya malipo una haki kuilalamikia, tena ilalamikie wazi. Mtunzi na mpigaji si kazi moja. Mtunzi ana haki yake kisheria, na kusajili nyimbo zako kwa jina lako ni hatua unayoweza kuichukua ukiwa bado ndani ya bendi. Kaa na kiongozi wako mzungumze hayo kabla mwenye studio hajakuamulia.

Kisha jiulize maswali mawili tu. La kwanza, una nyimbo ngapi zako ambazo hazijapita mikononi mwa wenzako? Si zile mlizopiga pamoja miaka minne, ambazo mpiga besi alizibadilisha mwanzo na mpiga tumba akazitia mwendo. Zile zako peke yako. Zikiwa tatu, una nyimbo tatu, huna albamu. La pili, huko unakokwenda, ni nani atakayekuambia wimbo huu haufai? Mwenye studio anataka uingie, hawezi kukuambia. Mama anakupenda, hatakuambia. Ukimpata mtu huyo, nenda na Mungu akutangulie. Usipompata, yawezekana mtu huyo ndiye huyohuyo mpiga tumba unayegawana naye sawa.

Nina mawazo yangu kuhusu ufanye nini, lakini sitakuamulia maisha redioni. Ukipita Msamvu, nitafute, tukae tuzungumze. Na ukiamua kutoka, niletee wimbo wako wa kwanza. Nitaupiga hapa, na wasikilizaji wa Kihonda, Mafiga na Mwembesongo watakueleza ukweli kama walivyomweleza mtoto wa Unguja.

Wiki ijayo tutazungumzia santuri za zamani zinazoozea makabatini mwa watu, na namna ya kuziokoa. Mwenye nazo asizitupe. Kwa leo nakomea hapo. Kwa herini.